Birika la Ma Ignace

Kila asubuhi, birika linapokaribia kuimba, Ma Ignace huliondoa motoni. Hulishika mpini kwa pindo la aproni, akaliweka pembeni ya jiko, akafungua dirisha la nyuma, lile linalotazama mlima wa Diablotin, akasimama. Jogoo wa jirani akiwika, humkunjia uso kana kwamba kakohoa kanisani. Akisharidhika, au akishakata tamaa, maana usoni mwake mambo hayo mawili hufanana, hufunga dirisha na kulirudisha birika motoni, na maji huanza safari yake upya. Ndiyo sababu kakao ya nyumba ile huchelewa kila siku.

Birika lenyewe ni la filimbi. Anicia, mwanawe wa pekee, alimtumia kutoka Montreal, akiamini kwamba mama anayeishi peke yake na kusahau vitu motoni anahitaji chombo cha kumpigia kelele. Aliporudi kijijini safari hii alilikuta linang'aa, limesuguliwa mpaka kitako, akauliza kama linaimba vizuri.

"Sijui," mama yake akajibu. "Sijawahi kulisikia."

Asubuhi iliyofuata Anicia akaelewa. Alisimama mlangoni mwa jiko, miguu mitupu juu ya saruji baridi, akamtazama mama yake akisikiliza mlima. Mgongo ule ulikuwa umepungua tangu alipouona mara ya mwisho. Alitaka kusema neno, akalimeza. Alikuwa mtu wa kumeza maneno tangu utotoni. Kazini kwake, katika maktaba ya chuo kikuu, tabia hiyo ilimfaa sana.

"Mbona umesimama kama mdai?" Ma Ignace alimwuliza bila kugeuka. "Kaa. Kakao inakuja."

Alikuwa akimsikilizia Misyé. Misyé ni sisserou, yule kasuku mkubwa wa kifua cha zambarau aliyemo kwenye bendera ya Dominica, ambaye hakai kisiwa kingine chochote duniani. Watu wa kijiji kile hawamtaji kwa jina msituni, na kwa sababu nusu ya maisha yao yalikuwa msituni, wakazoea hata nyumbani kumwita Misyé tu, yaani Bwana, kama mtu anavyomwita bwana wa shamba. Nduguye mdogo, Jaco, wa kijani mwenye shingo nyekundu, hana heshima hiyo. Jaco huitwa Jaco, tena huitwa mwizi.

Sasa, kati ya mama na binti kulikuwa na ahadi. Mwaka uliotangulia, majira ya mvua, Ma Ignace aliteleza kwenye mteremko wa korongo akavunjika kifundo cha mguu, akalala matopeni mpaka jioni. Habari zilipofika Montreal, Anicia, msichana ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti, alipaza sauti kwenye simu. Akasema yatosha. Akasema ana chumba cha pili, amekwisha kukitia pazia, na mama atakuja kukaa naye, basi.

Ma Ignace akasema, "Nikimwona Misyé kwa macho yangu mwenyewe, nafunga nyumba nakufuata. Kabla ya hapo usinitajie baridi yako."

Anicia akakubali mara moja, akafurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Ni baadaye tu alipompigia simu baba yake wa ubatizo, Octave, ambaye kwa desturi ya kwao alimwita Parenn, ndipo alipopewa habari kamili.

"Binti yangu," Parenn Octave alicheka mpaka akakohoa, "umeuziwa mbuzi kwenye gunia! Tangu kimbunga hakuna aliyemwona Misyé upande huu wa mlima. Jaco wamerudi, wanakula balungi zangu na kunisonya. Lakini Misyé? Ng'ambo ya mlima kule wanasema wamemwona. Huku kwetu, hata unyoya."

"Basi ampandie huko ng'ambo, amwone."

"Nilimwambia. Unajua alinijibuje? Ati yule wa ng'ambo si wake."

*

Jina la ubatizo la Ma Ignace ni Léonise, lakini tangu aolewe na Ignace Valmond hakuna aliyemwita hivyo, isipokuwa padri na muuguzi. Ignace alikuwa mtembeza wageni wa kwanza pale kijijini, enzi ambazo watu waliona ni kichekesho mzungu mzima kupanda ndege kubwa ili kuja kutazama ndege wadogo. Ignace alitangulia na panga, wageni wakafuata na darubini zao, na nyuma kabisa akaja mkewe na kikapu cha chakula kichwani. Miaka mingi alitembea hivyo, akitazama visogo vya watu. Msitu aliujua kwa kusikia: aliwasikia wageni wakisema "Aaa!" huko mbele, na yeye alipofika mahali pale ndege alishaondoka, limebaki tawi linatikisika.

Ni Misyé tu aliyemsubiri. Bondeni, mahali njia inapojikunja, ulisimama mgomye mkubwa, mti ule unaotoa utomvu mweupe unaonukia ubani, na katika tundu la mgomye ule waliishi Misyé na mkewe. Hawakuwa na papara. Ma Ignace alipofika na kikapu chake walikuwa bado wapo, wanamtazama kwa jicho la upande. Ignace aliwavulia kofia. "Bonjou, Misyé. Bonjou, Madanm," alisema, mzaha nusu, kweli nusu. Akamgeukia mkewe: "Hawa walikuwepo kabla yetu."

Ignace alifariki kwa moyo, ghafla, akipakia ndizi mbichi garini. Baada ya maziko Ma Ignace alipanda mlima peke yake, na gauni lake jeusi, akasimama chini ya mgomye. Hakwenda kusema kitu. Alitaka tu kutazamwa na mtu mwingine aliyemzoea mume wake.

Wageni waliendelea kuja, wakimwulizia Ignace. Hapo akatangulia mwenyewe. Siku ya kwanza, alimsimulia Anicia, hakujua afanye nini na mgongo wake. Hajawahi kuwa na watu nyuma. Alihisi kama gauni limepasuka. Lakini macho yalizoea, na sifa yake ikaenea kwa jambo moja: hakumdanganya mgeni. Watembezaji wengine, mgeni akianza kununa, humwonyesha nukta inayopita mbali na kumwambia, ndiye huyo, una bahati. Ma Ignace hakuthubutu. "Ukisema umemwona na hukumwona," alisema, "siku ukimwona macho yako hayatakusadiki."

Kisha kikaja kimbunga. Ma Ignace aliupitisha usiku ule chini ya meza ya jikoni, na asubuhi alipotoka, bati la nyumba lilikuwa limekwenda zake na mlima ulikuwa na rangi ya kahawia, mzima, kama mtu kaukaanga. Hapakuwa na jani. Wiki hizo Jaco waliteremka mpaka kijijini, wamekonda, wakatua kwenye nyaya zilizoanguka, wakala maua ya makaburini. Watu waliokuwa hawana chakula waliwakatia shelisheli. Ma Ignace aliwatazama mmoja mmoja wakitua uani kwake, akitafuta kifua cha zambarau. Hakutokea.

Mlima uliota majani upya. Mgomye ulipona nusu. Upande mmoja ulibaki mkavu, mwingine ukachipua. Tundu likabaki wazi, linaingia mvua. Na yeye akaanza kuliondoa birika motoni.

*

Anicia alikuwa arudi Montreal Jumapili. Alhamisi wakaja wageni wawili, mume na mke, Waingereza, Bwana Pettifer na Bi Maureen. Anicia akasema atakwenda nao na atabeba kikapu.

"Wewe?" Ma Ignace alimtazama viatu. "Utakibeba na vitabu ndani?"

"Na mikate tu, mama."

Parenn Octave ndiye aliyekuwa dereva. Alikuja na basi lake dogo la njano, akapiga honi mbele ya mlango, ingawa wote walikuwa wamekwisha simama pale pale.

"Ma Ignace, ukimwona Misyé leo mwambie nina kesi naye. Alikula balungi za babu yangu."

"Huyo alikuwa Jaco. Misyé haibi."

"Haya, aje kama shahidi." Akamgeukia Anicia, akapunguza sauti kidogo, lakini si sana, maana Octave hana sauti ndogo. "Na wewe, doudou wangu, umeomba? Siku zimebaki chache. Kama ningekuwa wewe ningenunua kasuku wa plastiki, nikampaka rangi, nikamfunga juu ya mti."

"Parenn!"

"Nasema tu. Mama yako macho si kama zamani."

"Macho yangu yanakuona vizuri, Octave," Ma Ignace alisema akipanda mbele. "Yanaona na vifungo vya shati ulivyokosea. Endesha."

Walipofika mwisho wa barabara, Octave akabaki na basi lake na redio yake, na wengine wakaingia njia ya msituni. Pale penye mti wa kwanza Ma Ignace alisimama, akawageukia wageni kama mwalimu wa katekisimu.

"Kuanzia hapa hakuna majina. Si lake, si langu, si yenu."

"Hata langu?" akauliza Bwana Pettifer, mzee mrefu mwenye pua iliyoungua jua.

"Lako hasa. Msitu ukishalijua utakuita. Na wewe ni mtu mwungwana, utaitika, utatoka njiani kwenda kuangalia nani kakuita. Tutakutafuta mpaka Krismasi."

"Sasa tukipotezana?"

"Piga mluzi." Akakunja midomo, akatoa sauti moja, ndefu, nyembamba, iliyoanza juu na kukaa pale pale juu bila kuteremka, kama mtu aliyekumbuka jambo. Ni sauti ya ndege mpiga mluzi wa mlimani, ambayo watu wa kule waliiazima tangu enzi za mababu waliotoroka utumwa. Mara kutoka korongoni ndege wa kweli akajibu.

Bi Maureen akatia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi wa uwanja wa mpira, majani yakataka kupukutika. "Nina wajukuu wanne," alieleza, na Ma Ignace akacheka mpaka akashika mti.

"Na binti?" Bwana Pettifer akauliza.

Anicia akajaribu. Ikatoka pumzi. Akajaribu tena, akatoa sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Alipokuwa mtoto aliweza kuwadanganya hata ndege wenyewe. "Nimesahau," alisema, uso umemwiva. Mama yake akageuka na kutangulia.

Ilikuwa ni mluzi huo uliomwokoa Ma Ignace alipovunjika mguu. Alilala matopeni akaupiga kutwa nzima, na Octave akaupita mara ya kwanza. "Nilidhani ndege!" ilikuwa hadithi yake hata leo. "Nilisimama kabisa kumsikiliza. Nikasema, huyu leo anaimba vibaya, labda anaumwa." Kijiji kizima kilicheka hadithi ile. Anicia peke yake haikumchekesha.

Asubuhi ilikuwa njema. Wageni waliona vindege wavumao wadogo kama kidole gumba, wanang'aa kama vipande vya chupa. Waliona yule ndege wa kutetemeka, anayetikisa mabawa kama mzee mwenye homa. Jaco wakapita wawili wawili juu ya vichwa vyao, wakipiga makelele ya sokoni, na Bwana Pettifer akashangilia kwa kunong'ona. Lakini kila kona alisahau.

"Sasa huyu sisse—"

Kiwiko cha mkewe kikampata ubavuni.

"Samahani. Misyé. Huyu Misyé hupenda kukaa juu sana?"

"Juu. Tena peke yake au na mkewe. Hapendi fujo."

"Una muda gani hujamwona?"

Ma Ignace aliondoa jani begani. "Tangu kimbunga," akasema, na kutoka nyuma, chini ya kikapu, Anicia akamwona akiharakisha mwendo.

Kutembea nyuma kulimpa Anicia wasaa wa kufikiri, nacho ni kitu asichokikosa kamwe. Alitazama kisogo cha mama yake, kofia ya majani, shati la kijani la marehemu Ignace lililokunjwa mikono. Alijaribu kumweka katika kile chumba cha Montreal. Chumba kilikuwa kizuri. Alikipaka rangi yeye mwenyewe, akanunua kitanda cha mti na blanketi nene. Akamwona mama yake akiamka, akienda dirishani, akifungua. Mbele ya dirisha, karibu kiasi cha kuugusa kwa ufagio, palikuwa na ukuta wa matofali wa jengo la pili, na bomba la maji. Kwa nini hakuwahi kuufikiria ukuta ule? Alikuwa amelifikiria pazia tu.

Akatamani ndege atokee. Akatamani asitokee. Kikapu kikamlemea ghafla, akakihamishia upande wa pili wa kichwa.

*

Juu ya korongo palikuwa na jukwaa la mbao la kutazamia. Walikaa hapo. Ukungu ulikuwa unapanda na kushuka bondeni kama maziwa yanayofikiria kuchemka. Walikula mikate ya kukaanga na samaki wa chumvi, wakamenya balungi, wakangoja. Ma Ignace hakukaa. Bwana Pettifer alishika darubini machoni mpaka ikamwachia duara mbili nyekundu.

Walingoja sana. Jaco walikuja, wakaenda. Bi Maureen akavua viatu, akakandakanda vidole vya miguu, akamwambia Anicia kwa sauti ya chini, "Mume wangu amemwota ndege huyu tangu akiwa mvulana. Alimwona kwenye stempu. Usimwambie nimekwambia."

"Mimi naomba Mungu amwone," Anicia akajibu, akajisikia kama mwongo, maana hakujua alichokuwa akimwomba Mungu.

Mwishowe Ma Ignace akasema atashuka bondeni kidogo kuangalia kama njia ya kurudia inapitika. Mvua ya juzi huenda imeangusha mti. "Nyie kaeni hapa. Msiende kokote."

Akatoweka kwenye kona, kule penye mgomye.

Ukungu ukafunga. Kisha, kutoka ndani ya weupe ule, ikaja sauti. Haikuwa ya Jaco. Ilikuwa sauti moja nzito, ya kukwaruza mwanzoni na ya kuteremka mwishoni, kama tarumbeta iliyopulizwa na mtu mwenye huzuni. Bwana Pettifer aliinuka. Wakakaza masikio wote watatu. Haikurudi.

"Je, ndiye?" akanong'ona mzee. Macho yake yalikuwa ya mvulana wa stempu.

"Sijui," Anicia akasema. Na kweli hakujua. Alikuwa mdogo alipoisikia mara ya mwisho, tena wakati ule hakuwa na sababu ya kuisikiliza.

Mama hakurudi. Wakangoja tena. Matone yakaanza kuanguka. Anicia akakumbuka mteremko, matope, kifundo kilichopona vibaya. Akakunja midomo apige mluzi. Pumzi tupu. Akalamba midomo, akajaribu tena, pumzi tupu.

"Mama!" akaita.

Msitu ukameza.

"Mama! Ma Ignace!" Na halafu, kwa sauti ambayo hata mwenyewe hakuijua, akalitoa jina lile ambalo halikuwahi kutoka kinywani mwake: "Léonise! Léonise!"

Hakuna aliyeitika. Aliacha kikapu, akawaambia wageni wasisogee, akateremka mbio, akishika mizizi, matope yakimfika magotini. Mbele yake alimwona tayari mtu amelala kifudifudi. Aliiona kofia pembeni. Aliviona hivyo vyote wazi kabisa, na hakuna hata kimoja kilichokuwepo.

Mama yake alikuwa amesimama. Alikuwa chini ya mgomye, mkono mmoja juu ya shina, kofia ameishika kifuani, uso ameuelekeza juu kwenye majani ya upande uliopona. Ukungu ulikuwa mzito, juu hapaonekani kitu. Hakugeuka mpaka Anicia alipomshika mkono.

"Mama! Mbona huitiki?"

"Nani kakufundisha kuniita jina msituni?" Sauti yake ilikuwa ya chini, tena haikuwa na ukali wowote. "Mtu akiitwa jina lake huku haitiki. Umesahau na hilo?"

"Nilidhani umeanguka."

"Sikuanguka."

Uso wake ulikuwa umelowa, lakini kila kitu kilikuwa kimelowa. Kwenye bega la shati la Ignace kulikuwa na maganda mabichi ya tunda, yaliyotafunwa, bado yanatoa maji. Jaco pia hutafuna hivyo. Anicia aliyatazama maganda yale, mama yake akamwona akiyatazama, akayapangusa kwa kiganja, akavaa kofia.

"Njia inapitika," alisema. "Twende tukawachukue wageni wa watu."

*

Bwana Pettifer hakulalamika. Aliuliza mara moja tu, garini, kuhusu ile sauti.

"Ilikuwa yake," Ma Ignace akamjibu.

"Una hakika?"

"Ya sauti nina hakika. Ulimsikia. Hicho mtu hawezi kukunyang'anya."

Mzee akaegemea kiti, akafumba macho, akatabasamu kwa namna iliyomfanya mkewe amshike mkono. Octave alitazama kioo cha nyuma.

"Kumsikia! Mimi pia namsikia kila nikinywa. Kwa hiyo Misyé kagoma tena? Ma Ignace, nilikwambia, plastiki! Rangi ninayo nyumbani."

Alingoja ajibiwe, kwani ndiyo ilikuwa raha yake. Ma Ignace alikuwa anatazama nje, mashamba ya balungi yakipita. Octave akangoja tena, kisha akanyamaza, na kunyamaza kwa Octave kulimtisha Anicia kuliko yote ya siku ile.

Waliposhuka nyumbani, wageni wakiwa wameagwa, Anicia alisimama na kikapu kitupu penye kizingiti. Alifungua mdomo.

"Niulize kesho," mama yake akasema.

"Sijasema kitu, mama."

"Najua. Niulize kesho. Leo niachie."

Jioni ile Ma Ignace alipika supu ya magimbi, akafagia ua uliokuwa umefagiliwa, akapanda kiti kuifuta picha ya Ignace, akashuka, akakaa kwenye ngazi za nyuma mpaka mlima ulipokuwa mweusi kuliko mbingu. Jirani alimsalimia akipita. "Mbona kimya leo, Ma Ignace?" Akajibu kwamba amechoka tu, miguu. Anicia alikaa ndani na kitabu, hakufungua ukurasa. Alikuwa amejua kwamba kuna swali moja tu la kuuliza, na kwamba angeweza asiliulize. Angeweza kupanda ndege Jumapili akisema, haya mama, mwakani, na birika lingeendelea kuondolewa motoni kila asubuhi, na wote wawili wangebaki na mlima wao. Hakuna ambaye angemlaumu. Lakini kila alipofumba macho alimwona yule mtu wa kifudifudi.

Aliamshwa na sauti ambayo hakuitambua. Ilikuwa nyembamba, kali, ikipanda. Alidhani ndege. Kisha akadhani ni mtu anaita. Alitoka kitandani, akaenda jikoni miguu mitupu.

Birika lilikuwa linaimba. Lilikuwa juu ya moto na mvuke unapasua hewa, na Ma Ignace amekaa mezani, mikono yake juu ya kitambaa, analitazama linavyoimba. Dirisha la nyuma lilikuwa limefungwa. Aliliacha likaimba mpaka likatosheka, ndipo akainuka, akazima moto, akamimina maji juu ya kakao na mdalasini.

"Kumbe lina sauti nzuri," alisema.

Anicia akavuta kiti. Kisha akauliza kile alichopaswa kuuliza.

"Mama, ulimwona?"

Ma Ignace akamsogezea kikombe.

"Nilimwona," alisema. "Alikuwa anakula."